Tunalalamikia bei ya gesi, hewa tumeisahau

KAMA kuna lalamiko ambalo huwezi kulikwepa ukikaa na wafugaji wa kuku wa Chamazi, Toangoma na Mbagala, au na wenye bekari ndogo ndogo za Tegeta na Bunju, basi ni hili la gesi kwisha kabla ya wakati wake. Mmoja atakwambia mtungi uliokuwa ukimfikisha siku nane sasa hata sita haufiki. Mwenzake atadakia kuwa siku hizi mitungi haijazwi sawasawa.

Sina nia ya kuwatetea wauza gesi. Wapo wanaopunja, na ndiyo maana mnunuzi ana haki ya kudai mtungi wake upimwe kwenye mizani mbele ya macho yake kabla hajatoa fedha. Lakini nimezunguka katika mabanda na bekari hizo kwa miaka kadhaa, mimi mwenyewe nikiwa mfugaji, na nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya gesi inayopotea pembezoni mwa Dar es Salaam haipotelei kwenye mizani. Inapotelea kwenye hewa.

Jambo hili halizungumzwi kwa sababu moja rahisi, nayo ni kwamba hewa haiuzwi. Anayeuza gesi analipwa kwa kilo. Anayeuza jiko analipwa likishatoka dukani. Fundi aliyechomelea tanuri analipwa likishawaka, liwe limewaka vizuri au vibaya. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayelipwa kwa kukuonyesha ni hewa kiasi gani inatakiwa kuingia kwenye moto wako, na wala huwezi kuwalaumu sana.

Naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwani bila hesabu mjadala huu unabaki kuwa porojo.

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Ili kilo moja ya gesi hiyo iungue yote, inahitaji hewa ya kilo 15 na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mtungi wa kilo 15 hauwezi kwisha bila kumeza hewa ya kilo 230 na zaidi. Kwa joto letu la pwani, hiyo ni hewa ya mita za ujazo kama 200. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kina hewa ya mita za ujazo 30 tu. Kwa hiyo mtungi mmoja unakula hewa ya vyumba karibu saba vya namna hiyo, na hapo sijaongeza ile ya ziada ambayo kila moto huhitaji ili gesi yote ipate wa kuungana naye.

Basi mtu anapoujaza moto wake gesi huku akiunyima hewa, anachonunua si joto. Ananunua masizi. Na anapoupa hewa kupita kiasi, ananunua joto la kupasha anga la Temeke, ambalo kwa kweli halina upungufu wa joto.

Kinachonishangaza ni kwamba elimu hii tulikuwa nayo. Mama ntilie yeyote anayepika kwa mkaa anajua mlango mdogo wa chini wa jiko ni wa kazi gani. Maharage yakianza kuchemka anaufunga nusu. Akitaka kukaanga samaki anaufungua wote na kupepea. Hakusoma popote kwamba anadhibiti hewa ya mwako, lakini ndicho anachofanya, na anakifanya kwa ustadi. Mama huyo huyo akipewa jiko la gesi anafundishwa kitu kimoja tu: kuzungusha swichi.

Kumbe jiko la gesi nalo lina mlango wake. Gesi ikitoka kwenye tundu dogo la nozeli kwa kasi, inavuta hewa kupitia madirisha yaliyo ubavuni mwa bomba la kichomeo, inachanganyika nayo ndani ya bomba, kisha inawaka kwenye matundu ya juu. Katika vichomeo vingi vikubwa, yale madirisha yana kifuniko cha bati kinachozunguka, chenye skrubu ya kukikaza. Hicho ndicho mlango wa jiko. Nimeuliza wenye bekari zaidi ya kumi kifuniko hicho ni cha nini. Wawili walijua. Mmoja alikuwa ameking'oa kabisa kwa kuwa kilikuwa kikipiga kelele.

Tuanze na hizo bekari. Matanuri mengi ya pembezoni hayakutoka kiwandani. Yamechomelewa na mafundi wetu wa Gerezani, Keko na Buguruni, na nasema kwa dhati kwamba kazi yao ya chuma ni nzuri. Tatizo huja pale mwenye bekari anapolalamika kuwa moto hautoshi. Fundi anachukua keekee na kupanua tundu la nozeli. Gesi inaongezeka papo hapo, mwali unarefuka, mteja anafurahi na kulipa. Lakini madirisha ya hewa yamebaki yale yale. Mwali uliokuwa wa bluu unageuka njano na kuanza kulamba sakafu ya tanuri. Baada ya wiki mbili masizi yameshika chini ya bati, na kwa kuwa masizi huzuia joto kupita, mikate inachelewa kuiva. Mwenye bekari anaongeza gesi tena.

Akichoka anarudi kwa fundi, naye sasa anamfungia feni ya kupulizia. Hapo tumeruka upande wa pili wa mtaro. Feni haina cha kuipunguza, inapuliza kadiri umeme unavyoiamuru. Mwali unanguruma, unajitenga na matundu ya kichomeo, na joto linakimbilia kwenye dohani. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni ambayo haisaidii kuwaka hata chembe. Inaingia ya baridi, inapashwa moto kwa gesi uliyoinunua, kisha inatoka zake.

Nimejaribu kuikadiria hasara hiyo. Tuseme moshi unatoka kwenye dohani ukiwa na nyuzi joto 300. Kama hewa imezidi kwa asilimia 15 tu juu ya ile inayohitajika, ambacho ni kiwango cha kawaida, joto linalotoka na moshi ni kama asilimia 12 ya gesi yako. Kama hewa ni mara mbili ya inayohitajika, linafika asilimia 20 hivi. Kwa mtungi mkubwa wa kilo 38, tofauti hiyo ni zaidi ya kilo 3 za gesi. Mwenye bekari anayemaliza mitungi kumi kwa mwezi anatupa karibu mtungi mzima, na hapo sijagusa masizi wala mikate iliyoungua upande mmoja.

Viwanda vikubwa vya jiji hili haviwezi kuishi hivyo. Gesi asilia ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, pamoja na mitambo ya umeme ya Ubungo, ilianza pia kutumiwa na viwanda vyenye matanuri, vikiwamo kile cha saruji cha Wazo Hill huku Kinondoni na kile cha chupa cha Kioo Limited upande wa Temeke. Tanuri la saruji huchoma malighafi kwa nyuzi joto zaidi ya 1,400, na la kioo karibu 1,500. Kwa moto wa namna hiyo, duniani kote kazi ya kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi ni ya kila siku. Kwa gesi, wahandisi hupenda ibaki kama asilimia 2 au 3. Ikishuka sana, gesi inatoka bila kuungua. Ikipanda, wanajua wanapasha hewa ya bure. Kipimo cha namna hiyo mwenye bekari wa Bunju hana, na simtaki akinunue. Lakini macho anayo, na mwali unasema mambo mengi kwa mwenye kuutazama.

Nigusie hapa mkanganyiko mmoja unaosumbua watu. Gesi ya Songo Songo na Mtwara siyo hii ya mitungi. Ile kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ujazo wake mmoja unahitaji ujazo wa hewa kama 10 tu. Propani inahitaji karibu 24, na butani 31. Gesi ya mitungi tunaiagiza kutoka nje, inashuka bandarini. Kwa hiyo nozeli ya gesi asilia ni kubwa kuliko ya gesi ya mitungi kwa jiko la nguvu ile ile, na ukilifunga jiko la gesi asilia kwenye mtungi bila kubadilisha nozeli, litatapika mwali mrefu wa njano. Wapo watu walionunua majiko ya mtumba kutoka Ulaya, ambako nyumba nyingi zina gesi asilia ya bomba, wakayaunganisha na mtungi na kuhitimisha kwamba mzungu amewauzia jiko bovu. Jiko si bovu, nozeli ndiyo si yake. Na kwa wale wa Mikocheni ambao nyumba zao zimeunganishwa na bomba la gesi asilia, jambo hilo linawahusu kwa kinyume chake.

Sasa nije kwenye mabanda ya kuku, ambako hasara haihesabiwi kwa kilo za gesi peke yake.

Miaka michache iliyopita, mwezi Julai, nilipoteza vifaranga 63 kati ya 300 kwa siku nne. Julai yetu si baridi ya Njombe, lakini kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, na usiku wa Julai Dar es Salaam unashuka hadi chini ya 20. Niliona busara kuliziba banda kwa nailoni pande zote, juu hadi chini, nikawasha bruda ya gesi na kwenda kulala nikiwa mtu mwenye kujiamini. Vifaranga walipoanza kufa, wa kwanza kulaumiwa alikuwa aliyeniuzia. Nilimpigia simu na kumwambia maneno ambayo leo nisingependa yaandikwe hapa.

Bwana mifugo alipofika hakugusa kifaranga hata mmoja. Aliinua mkono akapapasa bati la paa kwa ndani, akanionyesha kiganja kilicholowa. Kisha akachota maranda, akayafinya, nayo yakashikamana kama unga wa ugali. "Mzee wangu," aliniuliza, "unafuga kuku au unafuga mvuke?"

Nilikuwa sijui, na naamini wengi hawajui, kwamba gesi ikiungua inazaa maji. Kilo moja ya gesi ya mitungi inatoa maji ya kilo 1.6 hivi katika hali ya mvuke, pamoja na hewa ya ukaa ya kilo 3. Bruda inayokula kilo 2 na nusu kwa usiku inamwaga lita 4 za maji ndani ya banda, na hapo hujaongeza pumzi na kinyesi cha vifaranga 300. Banda likiwa limezibwa, maji hayo hayana pa kwenda. Yanashuka kwenye maranda, maranda yanatoa amonia inayochoma macho na mapafu, na ule ugonjwa wa kuhara damu unapata shamba la kuota.

Halafu akainama kutazama bruda yenyewe. Mwali ulikuwa wa njano na mlegevu. Vumbi la maranda na manyoya laini ya vifaranga yalikuwa yameziba wavu wa hewa kama blanketi. Moto huo ulikuwa umenyimwa hewa mara mbili, kwanza na vumbi, pili na nailoni yangu. Moto wa namna hiyo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Bwana mifugo hakuwa na kipimo, hivyo sitaapa kuwa ndiyo iliyowaua wale 63. Inawezekana amonia ilichangia, inawezekana yote mawili. Alichonifanyia kilikuwa kukata nailoni sehemu ya juu, upana wa kama kiganja, kuzunguka banda zima, kwa sababu hewa yenye joto na unyevu hupanda juu na hapo ndipo inapotaka kutokea. Akasafisha wavu kwa mswaki wa zamani. Vifo vilipungua tangu usiku uliofuata na baada ya siku mbili vikakoma.

Ninajua jibu la wafugaji wenzangu. Watasema ukifungua banda joto linatoka, na joto ni fedha. Ni kweli, linatoka kiasi. Lakini kifaranga aliyekufa amekula chakula, amepata chanjo, na amechoma gesi yako tangu siku ya kwanza. Piga hesabu ya 63 kwa bei ya kifaranga mmoja, kisha uilinganishe na gesi ya ziada ya kufidia tundu la upana wa kiganja. Mimi nimeipiga, na sijawahi kuziba tena.

Wanaotumia chungu au jiko la mkaa ndani ya banda wako kwenye hatari kubwa zaidi, kwani mkaa uliobanwa hewa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi hata pale unapoonekana umetulia na hauna moshi. Kila mwaka tunasoma habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani na hawakuamka. Pembezoni huku vijana wa kuangalia kuku hulala ndani ya banda lile lile ili kuwahi kuchochea moto. Mwenye banda anayemlaza kijana wa watu humo, dirisha likiwa limezibwa kwa magunia, anajua kuwa vifaranga wana chanjo. Kijana hana.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo lilikuwapo agizo la taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa. Naunga mkono yote mawili. Ila mafanikio yakiripotiwa, tunahesabiwa mitungi iliyogawiwa. Sijasikia hata siku moja tukihesabiwa watu waliofundishwa kutazama mwali. Matokeo yake ni mitungi iliyolala uvunguni ikiwa mitupu, na mwenye nayo amerudi kwenye mkaa akisema gesi ni ya matajiri.

Ningekuwa na sauti, ningeanzia kwa mafundi. Chuo cha VETA Chang'ombe kiko Temeke hapo hapo, na SIDO kazi yake ni kuwasaidia wenye viwanda vidogo. Kozi ya siku tatu kwa wachomeleaji wa matanuri, juu ya ukubwa wa nozeli, madirisha ya hewa na kizuizi cha dohani, isingemfilisi mtu. Shirika la Viwango nalo lingeweza kudai kwamba kila kichomeo kikubwa na kila bruda inayoingia nchini iwe na karatasi ya maelekezo ya Kiswahili. Bruda yangu ilikuja na kijitabu cha Kichina chenye kurasa 16. Ukurasa wa hewa naamini ulikuwamo.

Wakati tunasubiri hayo, mwenye tanuri au bruda asingoje mtu. Mwali mzuri ni wa bluu, umekaa imara juu ya matundu, na ndani yake una koni ndogo iliyo wazi. Ukiwa wa njano na unacheza cheza, fungua kifuniko cha hewa kidogo kidogo. Ukinguruma na kuruka kutoka kwenye matundu, kifunge kidogo. Usipobadilika, zima gesi, acha kichomeo kipoe, kisha chungulia ndani ya bomba lake, maana nyigu wetu wa Dar es Salaam wanapenda mno kujenga humo kwa udongo, na buibui nao hawako mbali. Katika bekari tafuta unga, katika banda tafuta manyoya. Walio karibu na bahari, Kigamboni na Kunduchi, wasishtuke wakiona vimulimuli vya rangi ya chungwa vikipita kwenye mwali wa bluu, kwani hiyo ni chumvi ya hewani na haina uhusiano na upungufu wa hewa. Mtungi ukae nje ya banda, na uwazi wa chini uwepo pia, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni.

Vifaa vinavyohitajika ni bisibisi moja, mswaki wa zamani na kipande cha waya cha kuzibulia bomba, ila waya usiuingize kwenye tundu la nozeli ukalipanua. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na ifanywe jua likishazama, kwani mchana rangi ya mwali haionekani sawasawa.